Nilijisifu kwa Samaki, Mgongo Wangu wa Mbuzi Amepewa Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla harusi haijafika, maana hapa nilipo nyama nitaisikia harufu tu. Mimi ni mkazi wa Shirimatunda, elimu yangu ni darasa la saba la zamani ambalo ni sawa na chuo cha siku hizi, na tangu bei ya kahawa ilipoanguka niliacha mibuni nikashika ndoana, na kuanzia hapo Weruweru ya chini yote wananijua, hata kambale wenyewe wananijua.

Masika mto ukifurika kambale hupanda mpaka mashambani, mimi nilimkuta mmoja katikati ya mahindi nikadhani ni gogo, nikamkalia, nikavuta sigara nzima ndipo akajigeuza. Kiangazi mto ukibaki madimbwi perege wanajipanga wenyewe, nachagua kama mtu anayechagua mashati ya mitumba. Vuli maji yakiwa mekundu samaki wale wanaoitwa kuyu hawaulizi chambo, mwaka jana mmoja alinikatia uzi wa nailoni nilioununua Holili, uzi ambao muuzaji aliapa unavuta Land Rover. Shida ni kipupwe, maji yanashuka na baridi ya mlima, samaki wanalala chini hawafungui mdomo hata kwa mtu kama mimi.

Sasa kwetu Kibosho wazee hawali samaki, mama yetu Margareta mpaka leo anasema samaki ni nyoka aliyejifunza kuogelea. Pasaka tukinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, Jovin mdogo wangu akanitania mbele ya watu kwamba mbona samaki zangu wanasikika tu hawaonekani, na mimi ni mwanaume siwezi kunyamaza, nikasimama nikasema tangu nianze uvuvi nyama ya mbuzi imenikinai, nyama ni ya watu wasioujua mto. Kaka yetu mkubwa Sylvanus, mtu wa maneno machache, akasema, "Sawa, nimesikia." Nikadhani ananisifu.

Mshauri, katika ukoo wetu mbuzi akichinjwa kila mtu ana kipande chake, mgongo ni wangu mimi wa pili kuzaliwa, na mwenye mgongo ndiye anayesimama kuzungumza na wakwe. Mwezi wa nane Doris, binti wa kaka, anaolewa, na juzi nimepanda kuulizia maandalizi naambiwa mgongo amepewa Jovin. Nikamuuliza kaka kulikoni, akanijibu taratibu kabisa, "Si ulisema imekukinai? Wewe utaleta samaki. Wakwe ni watu wa Musoma, nimeshawaambia wakusubiri."

Watu wa Musoma, mshauri, waliozaliwa ziwani, tena mwezi wa nane, kipupwe chenyewe! Nilipomweleza mke wangu Lukresia akaondoka kwenda kucheka kwa jirani. Nikikaa kimya Jovin atasimama mahali pangu, na kwetu kipande kikishasimamiwa harusi moja hakirudi kwa mwenyewe. Nirudisheje mgongo wangu bila kupunguza heshima ya samaki zangu?

Ni mimi,
Mwamba wa Weruweru

*Shangazi Theodora anajibu:*

Mwamba, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwasomea wenzangu hapa ofisini, utanisamehe.

Kaka yako hajakudhulumu. Kosa lake ni kwamba alikuamini, wakati wenzake wote walikuwa wanakunywa mbege yao. Ulisimama mbele ya mama na ukoo ukasema nyama imekukinai, ulitaka akulishe kwa nguvu?

Unataka mgongo urudi na samaki wabaki na urefu wao. Haiwezekani, chagua kimoja. Na usije ukanunua sato wa ziwani sokoni ukasema umemvua wewe. Mtu wa Musoma akimwona atamsalimia kama jirani yake.

Kata jani la sale, panda Kibosho Jumapili hii baada ya misa umpelekee kaka yako, Jovin akiwepo. Unajua kwenu aliyeletewa sale hafungi mlango. Lakini sale ni la kuombea radhi, halifai kwa hadithi. Mwambie, "Kaka, nyama haijanikinai. Nilisema vile kwa sababu mdogo wangu alinicheka mbele ya watu." Halafu nyamaza. Najua hapo ndipo patakuwa pagumu kwako kuliko mto wowote. Mgongo ukirudi, shukuru. Usiporudi, kula utakachopewa, na siku ya harusi mwache Jovin azungumze bila kumsahihisha.

Samaki watu wameshaahidiwa, kwa hiyo kavue, kipupwe au si kipupwe. Ukipata kuyu mmoja wa urefu wa kidole, mkaange, wapelekee wakwe kwa mkono wako mwenyewe, waambie maji ya baridi yametoa huyu. Watu waliokulia majini hawatakucheka, wamewahi kurudi nyumbani na wadogo kuliko huyo. Na wakikuuliza wale wengine wana ukubwa gani, waonyeshe huyo aliyeko kwenye sahani.