Mavi ya Popo na Doa la Kifuani

Mkomani, Lamu

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakushika mkono na kuubusu. Goti lako linaendeleaje? Na Dada Fatuma, anayekusomea hii, ameshajifungua au bado? Dada, usiruke mahali, wala usiongeze la kwako.

Mama, la kwanza: sijafa, na inshallah sifi karibuni. Najua Mjomba Lali alipokuja huku kuuza kamba wake wa baharini alinikuta kwenye foleni ya hospitali, akasikia neno saratani, akapanda boti kurudi Kiwayu bila kungoja mwisho wa habari. Nimeambiwa majirani wameanza kuja kukupa pole. Kwa simu siwezi kukueleza, maana huko mtandao hushika pale dukani tu, na wote walioketi dukani hukusaidia kujibu. Basi nakuandikia yote tangu mwanzo, na mwanzo wenyewe una aibu.

Niliwaambia kwamba mimi ni fundi wa nyumba za kale. Mama, fundi ni Fundi Shekuwe. Mimi ni kibarua wake. Tunatengeneza nyumba ya Bi Zena, ya mababu zake, iliyofungwa miaka mingi. Ghorofa ya juu popo waliihamia wakazaana, na kazi yangu tangu baada ya Idi ni kuzoa mavi yao. Yalinifika magotini. Yamekauka, ukitia beleshi hupanda kama moshi, ukitema mate unatema udongo. Bi Zena mwenyewe husimama ngazini, ameziba pua kwa pembe ya mtandio, akisema popo ni wageni wasio na madhara, kisha huondoka haraka.

Nilimwomba Fundi barakoa. Akaniambia yeye amevuta vumbi miaka thelathini na halijamfanya kitu. Aliyasema hayo katikati ya vikohozi viwili, kisha akawasha sigara.

Baada ya wiki kadhaa nikashikwa na homa, kikohozi na maumivu ya kifua. Nilijitibu kwa tangawizi hadi tangawizi ikanikinaisha. Mwishowe Fundi mwenyewe akanipeleka hospitali, maana nilikuwa nikikohoa hadi chokaa inamwagika. Nikapigwa picha ya kifua. Daktari, binti mmoja mpole, akaiinua kwenye mwanga, akanionyesha doa kwenye pafu la kulia, dogo kama kunde. Akasema laweza kuwa mambo mengi, na mojawapo ni saratani. Hapo ndipo Mjomba Lali, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alipoondoka.

Daktari akaniuliza kama navuta sigara. Nikasema sijawahi. Akaniuliza kazi yangu. Mama, hata pale nikajibu kwamba mimi ni fundi wa nyumba za kihistoria. Akaandika. Akauliza kama kazini kuna vumbi, nikasema la kawaida tu, la chokaa. Akaandika na hilo, uso wake ukazidi huzuni.

Fundi Shekuwe, aliyekuwa ameketi nyuma yangu, hakuweza kuvumilia.

"Daktari, usimsikilize," akasema. "Huyu huzoa mavi ya popo."

Daktari akaweka kalamu chini. Akataka kujua yalikuwa mengi kiasi gani, na kama nilijifunika pua. Fundi akamwonyesha goti lake. Ndipo akatueleza kwamba kwenye mavi ya popo huota ukungu, ukivutwa na vumbi hukaa mapafuni ukaacha doa, na kwenye picha doa hilo na la saratani hufanana kama mapacha. Kuyatenganisha kunataka vipimo vya Mombasa. Ningeondoka pale na uongo wangu, sijui wangenitibu nini.

Nikaenda Mombasa. Njia nzima niliwaza ni nani atakayekueleza. Wakaniingiza mpira wenye kamera kifuani, wakachukua kinyama kidogo, nikarudi Lamu kungoja. Na Mkomani wakangoja pamoja nami. Bi Zena alileta pilau kila siku, wa nyumba ya pili mkate wa sinia, wa nyumba ya tatu samaki wa kupaka. Wote waliniangalia nikila, macho yamewalowa. Nikanenepa. Jirani mmoja akasema kwa masikitiko kwamba hajapata kuona saratani ya namna hii.

Majibu yakaja: ni ukungu. Nilisujudu palepale kwenye sakafu ya hospitali. Sasa nameza vidonge, vya miezi kadhaa, na kikohozi kimepungua sana.

Lakini daktari hakutuacha twende. Alisema mavumbi ya vitu vilivyokuwa hai, kama mbao, nafaka na kinyesi cha ndege na wanyama, yakivutwa miaka huharibu mapafu, na mengine wataalamu wanayashuku kuongeza hatari ya saratani. Na sigara juu yake ni kumwagia moto mafuta ya taa. Alikuwa akizungumza nami, lakini akimtazama Fundi.

Fundi akakataa kupigwa picha. Akasema ana kazi, kisha ana safari, kisha ana maziko. Nikamwambia sipandi juu tena, hata kwa barakoa, mpaka naye apigwe. Sikuwa nikiringa, Mama. Nilimwona akitoa sigara na kuirudisha pakitini, nikajua kwamba ile miaka thelathini alikuwa akiihesabu na yeye.

Alikwenda amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Akaambiwa avue, akachukia. Akaambiwa avute pumzi aishike, akatabasamu, akidhani ni picha ya kawaida. Kifua chake kimechakaa, lakini hakina doa. Ameambiwa aache sigara na arudi kila mwaka. Siku hizi tunanyunyiza maji kabla ya kuzoa, na asiyevaa barakoa hapandi ngazi, hata Bi Zena.

Tulirudi nyumbani kwake na ile picha. Mkewe akaiinua dirishani, akaitazama sana, akauliza lile jeupe la katikati ni nini. Nikamwambia ni moyo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe anao."

Msalimie Bibi, mama mzaa baba. Msalimie shemeji yangu, mume wa Dada, na mama mkwe wake wa Mkokoni. Mjomba Lali msalimie mara mbili, na umwambie awarudishe majirani makwao.

Mungu akuweke, Mama.

Mwanao mzoa mavi ya popo,
Shee