Utaondoka Lini, Bibi?

Mume wangu Idrisa,

Salamu nyingi kutoka Muheza. Babu yako mafua yamemwachia, sasa anadai pilau. Na viza imetoka, tena ya kuingia mara nyingi! Pasipoti yangu mtaa mzima umeishika.

Uliniuliza kwenye simu: "Bibi, uwanja wa ndege wa Toronto wakikuuliza utaondoka lini, hutakasirika?" Unanijua. Kwetu mgeni haulizwi siku ya kuondoka; ni kama kumfukuza.

Nilipokuwa msichana nilikwenda kwa shangazi yangu Korogwe. Hata sijatua kikapu, mama mkwe wake akaniuliza: "Utakaa hadi lini?" Nikanuna, chai yake nikaikataa. Asubuhi nikamkuta nyuma ya nyumba na jembe. Akaniambia bila kuinua kichwa: "Ukikaa sana, napanda kunde. Ukiwahi kuondoka, napanda mchicha. Sitaki uondoke hujala cha shambani kwangu."

Nikamnyang'anya jembe, nikalima mimi. Kunde zile nilizila mpaka nikazikinai.

Basi mwambie mama yako asihangaike. Wakiniuliza nitajibu kichwa juu: "Naondoka kabla miezi sita haijaisha, na nitarudi tena!"

Wewe jaza udongo kwenye ndoo, uziweke pale kwenye roshani ya ghorofa yenu, mtaa wa Dixon. Mbegu tafuta huko huko, nasikia za kwetu wanazizuia uwanjani. Ila mchicha usinipandie, mume wangu.

Panda kunde.

Mkeo asiyezeeka,
Bibi Zuhura