Mwenye Jina kwenye Kadi Aje Mwenyewe

Kibiti,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Dada yangu Tupokigwe,

Shikamoo Dada. Naitanguliza shikamoo maana najua ukifika mbele kidogo utatamani kunizaba kibao, na mtu aliyeamkiwa vizuri hupunguza nguvu ya mkono. Mama hajambo? Goti lake bado linamsumbua mvua za huko Tukuyu zikianza? Watoto je, na migomba? Huku sisi ni wazima, mimi, mke wangu na mtoto. Joto nimeshalizoea, na hata kusema "mie" kama wenyeji nimeanza, usinicheke.

Dada, pikapu imekamatwa.

Haikugonga mtu, haikupinduka, wala sijaiuza nikala hela kama shemeji atakavyosema akisikia. Imekamatwa kwa faini za maegesho. Imefungwa mnyororo kwenye yadi nyuma ya ghala la korosho, na walipanga kuipiga mnada mwisho wa mwezi huu. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu ikamatwe. Nilichelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa nimeshaitoa. Nimeshindwa kuitoa peke yangu, basi nakueleza yote, uyasikie kwangu.

Unamkumbuka Mzee Shamte, dereva wetu, yule niliyekuambia aliendesha lori la ushirika mpaka ushirika ukafa. Ni Mndengereko wa hapa hapa, mtu wa swala tano, na gari analifuta vumbi kuliko ninavyofuta ubao. Kusoma anasoma, lakini herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni utotoni. Hizi zetu anazijua kwa kubahatisha. Na huku mtu akitaka gari hapigi hodi. Anaandika kikaratasi, anakichomeka kwenye waipa: "Kesho nipitie Mchukwi nina mgonjwa," "Nina magunia manne Ngorongo." Wazee wenzake humwandikia kwa herufi za Kiarabu, anasoma mwenyewe. Vya herufi zetu ananiletea shuleni, namsomea. Tumefanya kazi hivyo miaka mitatu, na hatujakosea mzigo hata mmoja.

Sasa siku hizi za ruksa kila kitu kinapewa wakala, na mwaka huu ushuru wa kuegesha pale sokoni nao ukapewa wakala. Watu wake wanapita na vitabu. Wakimkuta dereva, analipa, anapewa stakabadhi. Wasipomkuta, wanachomeka karatasi ya faini kwenye waipa, wanakwenda zao. Ijumaa Mzee huegesha pale na kwenda msikitini. Akitoka anakuta karatasi imepigwa chapa, ina muhuri. Miaka yake yote ya ushirika ilimfundisha kwamba karatasi yenye muhuri ni stakabadhi, na stakabadhi haitupwi wala haichezewi. Basi alikuwa anazikunja vizuri, anazifunga uzi, anazitia kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti. Ijumaa baada ya Ijumaa! Hakuniletea kwa sababu aliona hazina swali. Akadhani za Ijumaa ni za ushuru anaolipa siku nyingine za wiki: ushuru tunalipa, stakabadhi hizi hapa, kwisha habari.

Siku waliyoikamata nilikuwa darasani na la nne. Akaja muuza karanga mbio, "Mwalimu, gari lako linafungwa minyororo!" Nimefika nimekuta abiria wameshushwa wote. Kulikuwa na mbegu za mpunga za akina mama wa Ngorongo, na ndio kwanza watu wanapanda. Kulikuwa na bibi mmoja katoka kutolewa nyuzi hospitali ya Mchukwi, kakaa juu ya furushi lake juani, anauliza kila anayepita, "Mwanangu, sasa mie ntafikaje?" Kiongozi wa watu wa wakala alikuwa keshautoa ule mfuko chini ya kiti, anawaonyesha watu ule mtungo wa karatasi: "Mnaona? Walijua, wakaficha! Wamezifunga na uzi kabisa!"

Dada, hapa ndipo penye aibu yangu. Nilimgeukia Mzee Shamte mbele ya soko zima, mtu wa umri wa baba yetu, nikampigia kelele, "Mzee umeniua! Umeniua wewe!" Alivua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kumshika mkono yule bibi na kumtafutia kivuli. Nilikwenda kwake siku ya pili nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Akasema, "Yameshapita, mwalimu. Hasira si jina la mtu." Lakini mimi hayajanipita.

Tukaenda ofisini kwa wakala, mimi na yeye. Karani akatukaribisha vizuri, viti, maji ya kunywa. Nikamwambia, "Sikatai faini. Kuegesha tumeegesha. Lakini mnanijua, watoto wenu nawafundisha mimi. Mlishindwa nini kuja kuniambia? Karatasi kwenye waipa, upepo ukiichukua je?"

"Sheria ndiyo hiyo, mwalimu," akasema. "Ila nakusaidia. Andika hapa kwamba dereva alikuficha hizi karatasi kwa makusudi. Faini itamfuata yeye, wewe utachukua gari lako leo hii."

Nikamtazama Mzee Shamte. Akasema polepole, "Andika, mwalimu. Mie nina shamba la mikorosho, watalichukua. Gari la dada yako lisiuzwe kwa ujinga wangu."

Nakwambia ukweli, Dada, kalamu niliishika. Nilifikiri juu yako, nikafikiri ng'ombe zako wawili na mbao ulizouza tukainunua ile pikapu, na miaka yote uliyonisomesha. Niliishika kalamu kabisa. Halafu nikaona, mimi huyu nawafundisha watoto kusoma, na mtu aliyeponzwa na kutojua herufi zetu ndiye nimwandikie kuwa mwizi? Nikaiweka chini. Nikamwambia karani, "Huyu hakuficha kitu, huyu alitunza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Karani akacheka. Akasema, haya, twende kwa haki basi, tuone itakufikisha wapi.

Nikawatafuta wenye magari wenzangu waliokamatiwa. Tulikuwa sita. Mwenye Land Rover ya kwenda Mloka alikuwa ameshakata tamaa, ananiambia, "Mwalimu, dua la kuku halimpati mwewe." Nikamwambia kuku sita si kuku mmoja, hebu tia sahihi. Tuliandika barua kwa pamoja: faini tutalipa, lakini mwenye gari apelekewe taarifa mkononi, asikilizwe kabla ya kunyang'anywa, gari lisikamatwe likiwa na abiria na mgonjwa, na asitozwe ada ya kulaza gari kwa siku ambazo yadi ni yao na mnyororo ni wao. Tuliipeleka wilayani kwa miguu yetu, na tulirudi na vumbi mpaka kwenye kope.

Jibu limekuja juzi. Si zuri sana, si baya. Mnada umesimamishwa mpaka kila mwenye gari asikilizwe. Tumepangiwa Alhamisi ya wiki ya mwisho ya mwezi huu. Ila kuna sharti: anayesikilizwa ni mwenye jina kwenye kadi ya gari, afike mwenyewe. Asiyefika, gari lake litahesabiwa limeachwa.

Na kadi, kama unavyojua, ina jina lako.

Nilipomwambia karani mwenye gari ni dada yangu, yuko Tukuyu, alicheka mpaka akavua miwani. "Mwanamke wa Tukuyu awe na pikapu Kibiti? Mwalimu, sema tu ulijificha nyuma ya jina la mwanamke ukwepe kodi." Wenzangu wawili wamenishauri niandike barua ya idhini na kukutilia sahihi. Sahihi yako naijua, ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti zangu zote za shule, ningeiiga hata gizani. Sitaiiga. Tukidanganya hapo, basi karani alikuwa sahihi, na Mzee Shamte ataonekana mwongo pamoja nasi.

Najua shemeji atasema uachie, chuma ni chuma. Najua kahawa inaiva na hakuna wa kuichuma ukiondoka. Najua hujawahi kuvuka Mbeya. Barua hii anakuletea mwalimu mwenzangu anayekwenda likizo huko. Ukikubali, mwambie siku yako kabla hajarudi. Mimi nitakuwa Dar nakusubiri basi likiingia, tutakuja huku pamoja, huna haja ya kuuliza mtu njia. Mzee Shamte keshasema mkewe atakupikia wali wa nazi na kamba, na mkeka wa kulalia wageni ameshauanika.

Msalimie sana Mama, mwambie asiombe ili gari lipatikane tu, aombe pia nisiwe mwoga siku hiyo. Msalimie shemeji kwa heshima zote. Msalimie mjomba wa mashine ya kukoboa, na mchungaji, na watoto waambie mjomba wao hajawasahau, mikeka midogo niliyowaahidi iko tayari.

Dada, nimesema mbele ya watu wale kwamba gari lina mwenyewe. Sikusema ni la mumeo, wala la mdogo wako mwalimu. Njoo na kadi yako, ukae kwenye kiti cha kusikilizwa, wakuulize jina la mwenye gari, uwajibu kwa mdomo wako.

Mdogo wako anayekungoja,
Ambakisye