Mafundi wa Uzi wa Zilpa

Jumatatu, 1 Julai 1996
Nimeziba madirisha kabla hakujapambazuka. Blanketi upande wa mashariki, magunia jikoni. Mwanangu Zilpa bado amelala. Mama yangu amefika jana kutoka Mkiwa, anisaidie kumlea. Mke wangu Rehema yuko Shelui, anawauzia mitumba madereva wa malori. Tangu biashara iwe ruksa, mshahara wa mwalimu unatosha chumvi tu. Namkumbuka sana.

Jumatano, 3 Julai
Mama anauliza kwa nini mjukuu wake wa miaka sita ni mfupi hivi, na kwa nini nywele zinakatika akimsuka. Nimemweleza kama daktari wa Moshi alivyonieleza. Mwilini kuna protini ambazo ni mafundi. Jua likiuchana uzi wa urithi, yaani DNA, wao huushona. Wa Zilpa wana kasoro, ndiyo maana namficha jua. Na mafundi hao hao husaidia kuufungua uzi usomwe, nywele ziote, mifupa irefuke. Mimi mwalimu wa baiolojia sikulijua hilo. Nilidhani fundi ni fundi, msomaji ni mwingine.
Mama alinisikiliza kwa adabu. Kwake, mtoto mfupi amekosa jua.

Ijumaa, 5 Julai
Nimerudi kutoka shuleni. Mama uani, anapura alizeti. Zilpa kando yake juu ya mkeka, tangu asubuhi, kama tunavyowaotesha jua watoto wote hapa Kinampanda. Uso umevimba. Macho hayafunguki.
"Mama, umemuunguza mwanangu."
"Nimewalea saba kwa jua hilo hilo."
Nikamwambia arudi kwake. Mama yangu mzazi.

Jumamosi, 6 Julai
Ameondoka na basi la kwanza. Hakunywa hata uji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama.

Jumatatu, 8 Julai
Nimemfungia Zilpa ndani nikaenda darasani. Nimefundisha ovyo. Majirani hawapigi hodi tena. Wanasema naficha mtoto. Najiona mkatili. Sina wa kumwambia.

Jumamosi, 20 Julai
Ngozi inabanduka. Macho yote yamefunguka.
Leo Zilpa ameamka kabla yangu. Nimekuta madirisha yamezibwa yote, hata la jikoni, alipanda kigoda. Ameacha upenyo mmoja tu, juu ya meza yangu. Nikamuuliza wa nini.
"Wako, baba. Upate kuandika."
Nimeuziba kwa gazeti. Ni saa nne asubuhi, naandika kwa mwanga wa koroboi.