Mwadime, Nyumba ya Dubai Imepata Mpangaji

Mwadime, mdogo wangu,

Mimi nina miaka themanini na moja. Nimezika wasimamizi watano wa gengi ya reli, mke mmoja, meno yote ya juu, na hata ile reli niliyoigongea misumari mwenyewe hapa Voi, maana treni za abiria siku hizi zinapita kwa reli mpya na yetu inaota nyasi. Sasa nimekuzika na wewe, uliyezaliwa mimi tayari nachunga mbuzi. Ulikuwa huna ruhusa ya kunitangulia. Lakini wewe lini uliomba ruhusa?

Nakuandikia kwa mkono wangu. Darasa la tatu lilinitosha. Binti yangu Wakesho aliniambia niseme tu kwa simu yeye aandike, nikakataa. Haya ni yetu wawili.

Habari yenyewe ndiyo hii: nyumba ya Dubai imepata mpangaji. Nimetaka wewe usikie kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyesema nimetupa pesa. Ghorofa ya kumi na nne, Mwadime. Chumba kimoja cha kulala, jiko ndani, choo ndani, dirisha refu kuliko mlango wa kanisa. Nimenunua mimi, mtu wa kubeba mataruma ya reli begani. Nitajie mtu mwingine wa gengi ya Voi mwenye nyumba ng'ambo. Hayuko.

Najua ulivyokuwa ukiisema. Watu wa Maungu waliniletea maneno yote. "Kaka amenunua hewa." Kwani wao watu wa Maungu wana kazi gani nyingine?

Nakumbuka vizuri. Reli mpya ilipopita kwenye shamba la baba pale Maungu, fidia ilikuja kwa jina langu, mimi mkubwa. Wewe ulitaka tununue ploti mbili Miasenyi, kando ya barabara, tujenge vyumba vya kukodisha madereva wa malori. Mimi nikaona dereva wa lori ni mpangaji wa usiku mmoja, na asubuhi ameondoka na blanketi lako. Wakesho naye alikuwa ameshakaa Dubai miaka kumi na moja, anauguza watu hospitalini, ana akiba yake. Akaiona ile nyumba, tukaunganisha pesa, nikatia sahihi. Sikukuita. Hilo nalisema, na leo naliandika.

Ukasikia kwa kinyozi. Ukateremka kutoka kwako Mwanda siku hiyo hiyo, ukasimama getini kwangu, ukakataa kiti, ukakataa hata maji. Ukasema, "Kaka, lile shamba hata tembo walijua ni letu wawili. Wewe tu ndiye hukujua."

Maneno hayo, Mwadime. Mbele ya majirani. Na wale tembo tuliwafukuza pamoja, wewe na debe, mimi na mwenge, mpaka tukacheka wenyewe kwa sababu mahindi yalikuwa yamekwisha kitambo na sisi bado tunapiga kelele.

Hukurudi tena. Miaka mitatu tukasalimiana kupitia watoto. Kisha nikapigiwa simu kwamba kifua kimekumaliza. Siku ya mazishi katekista akaniita nizungumze kama mkubwa wa familia. Akaniita mara mbili. Nikabaki kwenye kiti naangalia viatu vyangu. Watu wakasema mzee amezidiwa na uchungu. Wacha waseme.

Wiki hiyo hiyo mpangaji wetu wa kwanza, kijana wa Kimisri, akahama. Nyumba ikakaa tupu. Mvua za vuli zikanyesha zikaisha, bado tupu. Watu wanakuja, wanaangalia dirisha, wanasifu, hawarudi. Ajenti akasema ni joto, mara akasema kuna majengo mapya. Na jengo linataka ada yake, lifti ipande, taa ziwake, awe mtu ndani asiwe. Wakesho akawa analipa kwa mshahara wake. Siku moja akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, nimechoka. Tuuze."

Tuuze! Yaani nikuache umelala huko Mwanda unacheka?

Lakini mimi ni Mtaita, ajenti si Mtaita. Nyumba yenye kinyongo cha ndugu haikaliki, hata iwe na marumaru. Nikajua ni wewe. Umekufa na hasira nami moyoni, na hujatasa. Baba alitufundisha sote kutasa: mwenye hasira na mwenzake ajaze maji mdomoni, ayateme chini kama mvua, aseme hasira itoke na watu wapone. Katekista anajifanya hapendi, lakini nimemwona kwa mama yake akifanya.

Nikaona nianze na nyumba yenyewe. Nikamwambia Wakesho aende aingie ndani, anionyeshe kwa simu. Akanionyesha jiko, sebule, ukuta mweupe. Mimi nimekaa uani na kikombe. Nikajaza maji, nikatamka maneno, nikayarusha pale pale nyumba ilipo. Simu ikazima. Fundi wa simu pale stendi akaigeuza geuza, inachuruzika. "Mzee, kwani umeitemea?" Nikamwambia, kijana, sikutemea simu, nimetemea nyumba. Aliita fundi wa pili aje asikie.

Wacha kucheka.

Basi nikapanda Mwanda, na goti hili. Nikamkuta mkeo Mkawasi anachambua maharagwe. Nikamwambia, shemeji, mwenzio amekufa ananikasirikia, wewe sasa ndiye mdomo wake, chukua maji unitasie. Mwanamke huyo akacheka mpaka akashika mlango. "Shemeji, mbona huyu alitasa zamani! Alipoanza kushindwa kuamka aliomba kikombe. Akakutaja wewe, akamtaja Wakesho, akaitaja na nyumba yenu. Akasema hata kama ni hewa, ipate watu. Hiyo hasira unayoitafuta iko hapa hapa uani, imevaa kofia."

Nilivaa kofia mimi tu.

Nikamwambia sijawahi kuambiwa hivyo na mke wa mdogo wangu, nikageuka nikashuka mpaka barabarani. Gari la mwisho lilikuwa limeshaondoka. Nikakaa juu ya jiwe. Hapo, Mwadime, nikajua kitu nilichokuwa nacho. Miaka mitatu nilikuwa nakungoja uje uniombe radhi kwa yale maneno ya getini. Nilikuwa nimeshapanga hata jinsi nitakavyokunyamazia kwanza, kisha nikupe kiti. Na wewe, badala ya kuja, ukafa. Hilo ndilo nililokukasirikia kuliko yote. Kwamba ulikufa.

Nikapanda tena ule mlima. Mkawasi akaniletea kikombe. Nikaenda kaburini kwako, nikajaza maji. Nikasema: Mwadime, kununua sikukosea, hapo siondoki. Kutokukuita nilikosea. Hasira yangu itoke, iende na maji haya, wewe ulale, watoto wapone. Nikatema. Yakafika mbali, kifua changu bado kizima.

Mwezi huo nyumba ikachukuliwa. Ajenti anasema ni kwa sababu tulipunguza kodi kidogo. Na kweli tulipunguza. Mwache aamini. Mpangaji ni nesi kutoka India, anafanya kazi na Wakesho. Kabla ya kuingiza kitanda alichemsha maziwa juu ya jiko letu jipya, akayaacha yafurike makusudi mpaka chini. Wakesho alitaka kupiga kelele, akaambiwa ndiyo desturi ya kwao ya kuingia nyumba. Niliposikia nikasema, huyo mpeni funguo zote, huyo ni mtu wetu.

Sasa lala, mdogo wangu. Siuzi. Nakuahidi nyumba haiuzwi nikiwa hai, na nusu ya kodi yake inapanda Mwanda kwa Mkawasi. Usiseme nalipa deni. Nimeamua tu, mimi mkubwa. Na safari hii nimeita watu kwanza. Nimemkalisha mwanao Righa na Wakesho kwenye simu, tumeelewana wote, jina la Righa linaingia kwenye karatasi za nyumba pamoja na la dada yake Wakesho.

Mtu akibisha haya niliyoandika, Wakesho yupo, ndiye aliyeshika simu kule ndani. Fundi wa stendi yupo, atacheka kwanza kisha atajibu. Ya kaburini shahidi ni Mkawasi peke yake, alisimama nyuma yangu muda wote. Nimemkataza kusema kwamba nililia. Akija huko kwako akakuambia, mwamini. Wengine wote nitawakatalia.

Kaka yako,
Mwanjala