Bakuli la Buluu

Jumatatu, 3 Machi

Kifaranga wa mwewe kaletwa leo kwenye kituo chetu cha kuokoa wanyama, ndani ya kasha la viatu. Mti wenye kiota ulikatwa, wenzake wawili wakafa papo hapo. Huyu mzima, ila njaa na hasira! Daktari kampima, kamwandika Nambari Kumi na Saba. Kapewa mimi nimlee.

Kanuni ziko juu ya mlango wa banda: Usimwonyeshe uso. Usimsemeshe. Usimpe jina. Ndege akikua anatuona sisi, anadhani sisi ndio wazazi wake, na huko porini hana chake tena. Kwa hiyo navaa shuka nyeupe kichwani hadi magotini, mkononi glovu iliyoshonwa kama kichwa cha mwewe. Jenerali, mlinzi wetu wa getini (cheo kajipa mwenyewe), kaniuliza kama nimeshakufa au bado niko njiani. Nikamwambia nimerudi kumchukua yeye.

Jumatano, 5 Machi

Hali chakula. Namsogezea nyama kwa glovu, anageuza kichwa. Jana vivyo hivyo.

Nyumbani nako kimya. Tangu binti yangu aolewe, huu mwezi wa pili, nimebaki na saa ya ukutani. Leo tena nimepika cha watu wawili.

Alhamisi, 6 Machi

Amekula!

Niandike ukweli, maana hapa sisomwi na mtu. Daktari alikwenda mjini kuchukua dawa. Mimi ndani ya shuka jasho linaingia machoni, yeye kalegea shingo. Nikaona huyu anakufa. Nikaivua shuka. Nikavua na glovu. Nikashika nyama kwa vidole, bakuli la buluu magotini, nikapiga mluzi – ule niliokuwa nikimlishia binti yangu uji. (Marehemu mama alikuwa akinigombeza: mwanamke na mluzi, wapi na wapi!) Akafungua mdomo mpaka nikaona koo. Vipande tisa!

Kwenye daftari la kulishia nimeandika: Amekula vizuri. Shuka imevaliwa.

Mara moja tu. Kesho naivaa.

Jumamosi, 22 Machi

Mara moja tu! Nacheka mwenyewe. Kila siku Daktari akishapita, shuka msumarini.

Na jina nimempa. Baba Mdogo. Ananitazama kama baba yangu mdogo alivyokuwa akilitazama birika – hasemi kitu, lakini chai utamimina tu. Akiliona bakuli anaanza kulia kabla sijafungua mlango. Nikimsimulia ya nyumbani anainamisha kichwa upande. Siku nyingi sijasikilizwa hivyo.

Banda la pili yuko mwewe jike mzee, mwenye bawa moja, mwaka wa sita yuko kwetu. Anatuangalia kwenye wavu siku nzima. Leo nimetundika gunia katikati. Sipendi anavyoniangalia.

Ijumaa, 25 Aprili

Anaruka! Ukuta hadi ukuta, kona bila kugusa waya. Nikapiga makofi kama niko harusini. Kisha akaja akatua begani kwangu. Kucha zimetoboa blauzi.

Nilicheka. Halafu kicheko kikakatika. Mwewe wa porini hatui begani mwa mtu. Mwaka wa kumi na moja niko kazi hii, wageni wote wa kujitolea nawafundisha mimi, kwa mdomo huu huu! Mganga hajigangi.

Kesho naivaa shuka. Kweli kabisa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeivaa. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nikaivua.

Jumanne, 20 Mei

Leo jaribio. Wanaingia watu watatu, mmoja mmoja, uso wazi, mikono mitupu. Ndege akiwakimbia wote, anaachiwa. Wa tatu huwa ni mlezi mwenyewe – hapo ndipo ukweli unapojulikana.

Kaingia Jenerali: Baba Mdogo kakimbilia kona. Kaingia fundi anayetengeneza mabanda: vivyo hivyo, kajigonga na waya. Zamu yangu ikafika. Nikasema tumbo linanikata.

Tumbo! Daktari, mtoto wa watu, umri wa binti yangu, kanishika mkono: pole Shangazi, kapumzike, nitaingia mimi. Kaingia. Ndege kamkimbia. Fomu ikasainiwa. Baadaye kanikumbatia mbele ya wote, kasema nimelea kweli. Nikaenda kukaa chooni mpaka watu walipotawanyika.

Ningesema, angebaki ndani ya waya maisha yake yote. Au sindano ya kumwua, maana mabanda yamejaa. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Na mimi ningefukuzwa – hilo pia nililiwaza. Sijui lipi lilitangulia. Natamani kujua lakini naogopa jibu.

Jumamosi, 24 Mei

Tumemwachia bondeni, ng'ambo ya machimbo ya mawe. Daktari kanipa heshima ya kufungua kasha. Nilijifunika shuka vizuri, leo ndiyo nimekumbuka! Akatoka, akazunguka juu mara mbili, akapotelea upande wa mjini. Wenzangu walishangilia.

Bakuli nimelirudisha nyumbani. Nimeliosha mara mbili.

Ijumaa, 30 Mei

Simu imepigwa ofisini. Mama mmoja mfuga kuku, mtaa wa nyuma ya karakana. Kuna mwewe anamwandama. Kila asubuhi akitoka na bakuli la pumba, anamshukia mpaka kwenye kamba ya nguo na kumpigia kelele. Hamfukuzi, haondoki. Mwembamba, manyoya yamesimama. Kifaranga hata mmoja hajachukua, lakini mama anasema hangoji aibiwe ndipo alie. Kashaweka nyama ya sumu juu ya ukuta.

Daktari akashangaa: mwewe gani huyo, asiyetaka vifaranga?

Nikajua. Anataka bakuli.

Nilitaka kusema pale pale. Nikaenda kuosha vyombo vya sungura, visafi tayari.

Jumamosi, 31 Mei

Nimesema. Nilimkuta Daktari anakunywa chai. Nikasema yote kwa pumzi moja – shuka, mluzi, jina, tumbo. Chai ikapoa.

Heri angenifokea! Kalichukua daftari la kulishia, kasoma mistari yangu kwa sauti ndogo. Shuka imevaliwa. Shuka imevaliwa. Kurasa kumi na moja. Kisha kauliza jambo moja tu: ile siku ya tatu alipokataa kula, kwa nini sikumwambia? Angemhamishia kwa yule jike mzee. Alishawahi kulea vifaranga wawili wasio wake, na wote waliruka.

Jike mzee. Niliyemtundikia gunia.

Jibu ninalo, lakini utalitoaje mbele ya mtu mwenye akili zake? Kwamba nyumba ilikuwa kimya. Kwamba alikuwa anafungua mdomo nikipiga mluzi. Nimekula utamu wangu, na anayelipa ni ndege.

Kampigia mama wa kuku mbele yangu, kamwomba aiondoe ile sumu. Kakubali, ila mwisho Jumatatu saa sita mchana. Baada ya hapo, kasema, tusimlaumu.

Jana na leo nimekwenda ule mtaa peke yangu mara tatu. Sikumwona.

Jumatatu, 2 Juni

Saa tano na nusu. Naandika nikiwa ndani ya gari, mbele ya ukuta wa mama wa kuku. Herufi zinapanda milima.

Yupo. Juu ya tangi la maji. Kakonda jamani! Mkia umevunjika upande mmoja. Majirani wamejaa mlangoni, Jenerali anawazuia, kwa mara ya kwanza cheo chake kina kazi.

Daktari kajificha nyuma ya ukuta na wavu. Kaniambia leo nisivae shuka. Leo Shangazi, piga huo mluzi wako. Hakusema kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Akishuka tunamnasa. Tukimnasa harudi tena angani, ni ndani ya waya mpaka kufa kwake, jirani na yule jike. Nikamwuliza, je, akigoma kuja? Kasema tuombe agome, Shangazi. Akigoma bado ana uwezekano. Tutamtisha kwa makopo mpaka ahame mtaa huu. Lakini lazima tujue leo.

Kwa hiyo naomba. Mimi niliyemwita miezi mitatu, naomba nikimwita asije.

Bakuli liko ndani ya mfuko, limefungwa. Midomo imekauka, nimekunywa maji mara mbili. Daktari ananyoosha kidole: sasa.

Nimefungua mlango wa gari, mguu mmoja chini, namalizia mstari huu. Sijapiga mluzi. Bakuli sijalitoa.

Ameshaniona. Anashuka.