Mdogo Wangu Amemgeuza Mama Zimwi la Ramani

Mama Zuleica mpendwa, naomba unisaidie kwenye safu yako ya ushauri kabla sijafanya kitu cha kunipeleka polisi, maana tangu Jumamosi sili na silali. Mimi ni Rosilene wa hapa mjini Contagem, nina mdogo wangu mmoja tu duniani, Wanderson, ambaye kazi yake ni kuchora ramani za ule mchezo wa mezani, watu wanakaa na dadu, mmoja anasimulia na wenzake wanajifanya mashujaa wanaoshuka mahandakini kuua mazimwi, na ramani zake zinasifiwa mpaka jiji la Belo Horizonte, mimi mwenyewe nilikuwa najivuna kwa majirani. Basi Jumamosi akanialika nicheze, mara yangu ya kwanza, nikapeleka mikate ya jibini, nikapewa karatasi yangu inayosema mimi ni mchawi, mchezo ukaanza, kwenye ramani tukashuka ngazi tisa, tukafuata ukumbi mrefu wenye kona, nikamwambia jamaa aliyekaa karibu nami, "Hapa kushoto kuna jiko," na kushoto kukawa na jiko. Mama Zuleica, ilikuwa nyumba ya marehemu mama yetu! Tulipofika chumba cha nyuma, Wanderson akasimulia zimwi lisiloweza kuinuka kitandani, linanuka, linaita majina ya kila anayepita ukumbini, na mlango una mtego, anayeufungua anakufa. Jamaa mmoja akapiga kelele, "Lichome hilo libibi kizee!" Wakarusha dadu, wakashangilia.

Miaka miwili nilimgeuza mama kwenye kitanda kile, nikamwogesha, nikamlisha, naye akiita jina la kila aliyepita ukumbini, na Wanderson hakuingia chumba hicho hata siku moja. Ni kweli niliwahi kumwambia kwenye simu, "Usikanyage hapa tena, huna mama," lakini mtoto mwenye uchungu na mama yake angekanyaga tu. Nilipomkaripia pale mezani akanijibu, "Dada, usichukulie hivyo bwana, kila mchoraji anaanza na nyumba anayoijua." Nikaichana karatasi yangu nikaondoka. Sasa ramani hiyo inachapwa kuwa kitabu na kuzinduliwa kwenye maonyesho ya mwezi ujao, na mimi nataka kwenda kusimama mbele ya wote niseme alichomfanyia mama, kisha nisimjue tena. Nifanye hivyo?

Rosilene,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa hasira. Mdogo wako hana adabu. Kuchora ukumbi na jiko la nyumbani, sawa, achore anapopajua. Lakini kumlaza mama mgonjwa humo na kuwapa wageni dadu wamuue, huku wakitafuna mikate ya dada yake, huo ni ushenzi, na asikuzuge kwa maneno ya ufundi.

Ila na wewe nakugombeza. Mtu ambaye hakuingia alijuaje kwamba mama alikuwa akiita majina ya wanaopita ukumbini? Alikuwa anakuja, mwanangu. Alisimama nje ya mlango, akasikia akiitwa, akaogopa, akageuka. Mlango unaoua hakuutoa hewani. Wewe ukamwambia hana mama, naye kwa woga wake akashukuru kupata kisingizio.

Sasa nisikilize. Usiende kumwaga aibu ya mama yenu kwenye maonyesho. Wale hawakumjua, watadhani ni sehemu ya mchezo. Mpigie leo, kabla hujala. Kwanza lifute lile neno ulilomwambia kwenye simu, hata likukabe koo. Halafu mwambie chumba cha nyuma kinatoka kwenye ramani kabla haijafika kwa mchapaji. Aweke ukuta, aweke bwawa la mamba, shauri yake. Usimbembeleze. Akikwambia amechelewa, mwambie kifutio anacho.

Akikataa, nitumie tarehe ya maonyesho, kazi iliyobaki niachie mimi. Goti langu bovu, lakini nitapanda basi, nikae kwenye meza yake, nimuulize mbele ya wote lile zimwi lilikuwa likiita jina la nani.